Faini ya Mlowo

...asifungue, hata wakigonga mpaka kioo kipasuke asifungue, maana ukishatoa mguu mmoja nje mbele ya watu wa udalali umekwisha, wanaingia, wanawasha, wanaondoka nalo, unabaki umesimama na ndala zako kando ya barabara unahesabu malori, si ndivyo yalivyomkuta Abdulswamad jirani yake, aliteremka kununua maji, maji tu ya mia tano, aliporudi akakuta tone la oili pale gari lilipokuwa, na gari lenyewe mpaka leo liko yadi limeota nyasi mpaka mlangoni, na kila likilala pale linadaiwa hela ya kulala, sasa hiyo ni haki gani, gari lilipe gesti? kwa hiyo Ramadhan alipandisha vioo vyote, akaacha upenyo wa vidole viwili wa kupitisha maneno, mkono mmoja ukaushika usukani wa Noah yake isiyokwenda popote, mwingine ukalala kwenye siti ya abiria ukikwaruza doa la mchuzi ambalo Fauzia, mkewe, amelisugua kwa sabuni ya unga mara mbili na limekataa kutoka, hapa Mpemba, jirani na Tunduma, saa sita mchana, jua la utosi, malori ya Zambia yamepanga foleni mpaka macho yanachoka, mbele ya bampa lake wameegesha pikapu ya kampuni kwa kukingama, na dirishani amesimama huyu dada wa kizibao cha njano, Brenda, jina lake limeandikwa kifuani, mashine mkononi.

"Mzee wangu, nipe ufunguo tusisumbuane. Tumekutumia meseji tatu."

Tatu, ni kweli, ya kwanza alidhani ni wale matapeli wa tuma-kwa-namba-hii, akafuta, ya pili akacheka, ya tatu ikaitaja namba ya gari lake herufi kwa herufi, mwendo kasi, Mlowo, na tarehe, na tarehe ile haisahau, ndiyo siku waliyomzika mama wa rafiki yake Andongwisye, na trafiki siku hizi hata hawakusimamishi, wanakupiga picha wamekaa kichakani, wanaandika, wewe unapita unapiga mluzi hujui kwamba umeshaandikwa, halafu faini ya elfu thelathini inanyamaza miezi mitatu inazaa adhabu, adhabu inazaa gharama za dalali, mpaka leo laki mbili na themanini, na hela yake yote imemezwa na giaboksi aliyofunga juzi, hana hata ya kubembelezea, na Noah hii ndiyo unga, ndiyo ada, ndiyo kodi ya nyumba, ikienda yadi leo kesho anaamka anakwenda wapi, mtu wa Kondoa aliyekuja mpakani na begi moja...

"Nimekwambia mwenye deni anakuja," alisema kupitia upenyo. "Ametoka Itaka, yuko njiani. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ulisema tangu saa tano."

"Basi nipe hiyo hiyo."

Brenda alicheka kidogo, akajifuta jasho kwa kiwiko. "Bahati yako mtandao unazunguka tu. Ukikubali nikatoa karatasi ya kukamata, mimi sina uwezo tena, gari linakwenda. Muombe Mungu uzunguke."

Uzunguke, ya Rabi, uzunguke mpaka Andongwisye afike, mwenye deni, eti mwenye deni, jina jipya amempa leo, zamani alikuwa deiwaka wake, dereva wa kutwa, miaka mitatu akiendesha gari hili Tunduma Vwawa, Vwawa Tunduma, jioni analeta hesabu haijapungua hata shilingi, ila mguu wake mzito, abiria walikuwa wakishuka wanamshukuru Mungu badala ya dereva, mpaka mama yake alipougua akarudi Itaka kumuuguza, na mama alipofariki ikapigwa simu, kaka, naomba gari nikamchukue mama hospitali ya Mbozi Mission, na gari la msiba halikodishwi, rafiki hatoi gari la msiba kwa bei, basi Ramadhan alitoa bure na mafuta akaweka, sawa, alifanya la utu, nani atakataa, ila Andongwisye akaomba na usukani, mama nitamwendesha mwenyewe kaka, nimewaendesha watu wote wa wilaya hii yeye sijawahi, na Ramadhan akampa, wema wake huo ndio umemponza, wema na malipo yake... ndivyo alivyojiambia wiki nzima, na ndivyo alivyompigia simu ile usiku wa meseji ya tatu, hasira zimempanda, akasema, akasema nini, akasema maiti ya mama yako imenitia hasara... Fauzia aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akageuka, Rama, hilo neno lirudishe, lirudishe sasa hivi, naye akasema halirudi, na kule upande wa pili sauti ndogo, sawa kaka, nitatafuta, basi, hakubisha, na mtu asiyebisha si amekiri? na leo asubuhi alipobanwa hapa akapiga tena, wameshika gari, njoo, na Andongwisye akajibu nimeshauza mtamba, niko kwenye bodaboda, mtamba yule mwekundu, ndiye peke yake mama alimwachia, wangemngoja azae mwakani wapate maziwa, lakini hayo si yake Ramadhan, aliyevunja ndiye alipe, ndio, aliyevunja alipe... na hata hivyo, labda kuna kosa, hawa watu hukosea namba, kuna mtu alidaiwa faini ya lori yeye ana bajaji.

"Dada, hebu nisomee tena hiyo faini. Yote."

"Mtandao..."

"Si iko hapo kwenye kioo tangu asubuhi? Nisomee."

Brenda akainua mashine akaikinga na jua. "Namba ni hii yako. Mlowo. Kilomita themanini na nne, penye hamsini. Saa kumi na dakika kumi na mbili jioni."

"Saa ngapi?"

"Kumi na dakika kumi na mbili. Jioni."

Asubuhi, alitaka kusema, useme asubuhi, dada yangu, maana jeneza lilipita Mlowo asubuhi, saa nne, yeye mwenyewe alikuwemo, amekaa nyuma amekunja magoti ubavuni mwa sanduku, shangazi Ruti amekaa mbele kwa Andongwisye, na kila njia panda shangazi alikuwa akigonga dashibodi, simama, gari linasimama, anageuka anamwambia marehemu, wifi, hapa ni Mlowo, ndipo ulipokuwa unauzia maparachichi yako, tunapita, tunakwenda nyumbani, usibaki hapa, haya baba, twende, na Andongwisye anatia gia ya kwanza polepole, polepole mpaka baiskeli zinawapita, mpaka mzee mmoja mwenye mzigo wa mkaa akawapita akavua kofia, na Ramadhan kule nyuma anaangalia saa, kwa nini hakulikumbuka hilo, alilikumbuka, mwongo wee, alilikumbuka akajiambia alisinzia kidogo mahali, labda hapo aliposinzia ndipo mguu ulipomzidi Andongwisye, labda, alijitafutia usingizi hata asioulala, kwa sababu ile meseji haikutaja saa, na palipokosekana saa yeye akaweka asubuhi, akaweka Andongwisye, akalala.

Na jioni je, saa kumi jioni Andongwisye alikuwa wapi, alikuwa amekaa chini kwenye jamvi, kichwa amekizungushia kitambaa, watu wanampa mkono, na gari lilikuwa wapi, gari alikuwa nalo mwenyewe mwenye gari, kidole chake kikasimama juu ya doa, kikaganda hapo... ya Rabi, mchuzi, kwamba anakaa juu ya ushahidi miezi mitatu anaukwaruza kwa kucha, maana siku ile Mzambia mmoja mfanyabiashara wa vitenge alimpigia, nataka gari, saa kumi na moja niwe nalo, na Ramadhan akainuka msibani chakula kinapakuliwa, na si chakula hivi hivi, mbuzi yule alichinjwa na Aziz mwuza nyama, walimtoa Aziz sokoni kwa pikipiki kwa sababu ukoo mzima ule ni Wamoraviani, hakuna mwenye haja ya mkono wa Mwislamu kwenye nyama ila mtu mmoja tu, Ramadhan, na nani alimkumbuka, mama yake amelala ndani kwenye sanduku, watu wanalia, na Andongwisye bado akakumbuka kwamba kaka yake hatakula nyama isiyochinjwa Kiislamu, akatuma pikipiki, akatoa hela ya mafuta, na kaka mwenyewe akasema nimechelewa, na hata hapo mtoto wa watu hakununa, akamkimbilia na hotpoti la mama yake, lile la maua mekundu, akaliweka hapa, kwenye siti hii hii, kaka, utakula njiani, endesha taratibu linamwagika, endesha taratibu alimwambia! na yeye akakanyaga mafuta, na pale Mlowo akaruka tuta hata hakuliona, hotpoti likaanguka, mchuzi wa Aziz ukatapakaa siti nzima, akamtukana nani, akalitukana tuta, na alipofika Tunduma Mzambia alishapata gari jingine. Hotpoti liko kabatini mpaka leo. Fauzia kila Ijumaa anauliza, chombo cha watu utakirudisha lini, na hakirudishwi kitupu, nipe hela niweke hata sukari, na yeye anasema bado.

Ni mimi, alijisemea, ni mimi, wala hakuna mwingine ajuaye, huyu dada anasoma namba na saa, hajui msiba wala tuta, na Andongwisye hataki hata kuuliza saa, ameshakubali, mtamba ameshauzwa, harudi zizini hata Ramadhan aseme nini, hela inakuja, italipwa hapa hapa, pikapu itaondoka mbele ya bampa, jioni yeye yuko barabarani anaita Vwawa Vwawa, watoto wanakula, na baadaye, polepole, akipata, anamrudishia, anamwambia ilipatikana nafuu, si lazima kujua yote, kuna ukweli unaumiza bure... lo, Ramadhan, unasikia unavyojipanga? umejipanga haraka kuliko ulivyokimbia siku ile. Na akimwambia, akaikataa hela, gari linakwenda yadi likalale na la Abdulswamad, na atamwambia vipi Fauzia, na akimwambia halafu akaipokea, huo si ndio ushenzi wenyewe, na lile neno, lile la maiti, hata faini ikifutwa na wao wenyewe wakaomba radhi, lile neno analo mtu kule Itaka, amelala nalo wiki nzima akidhani linamstahili. Amembebesha mama wa watu deni kaburini.

Malori mawili yalisogea hatua moja, na katikati yake akatokea mtu na koti la msibani, vumbi mpaka kope, anavuka kwa kukimbia mkono mmoja ameukandamiza mfukoni, Andongwisye, amekonda, ee Mungu amekonda vile, akamsalimia Brenda kwanza, kisha akainama kwenye upenyo.

"Shikamoo kaka. Samahani nimechelewa, boda ilipata pancha. Na samahani kwa gari, kaka. Siku ile sikuwa na akili yangu, sikumbuki hata nilivyoendesha. Kama nilikimbia, nilikimbia."

Akapenyeza noti kwenye kioo, bunda limefungwa kwa mpira wa kufungia mboga, likanasa hapo, nusu ndani nusu nje, lina harufu ya zizi. Ramadhan aliliangalia. Kulivuta kulihitaji vidole viwili tu.

"Mtandao bado," alisema Brenda.

Bado, basi bado wakati upo, pikapu imekingama vile vile, jua lile lile, na yale aliyoyapanga yote wiki nzima kumwambia huyu mtu yamekwenda hajui wapi, limebaki neno moja fupi, ni mimi, na neno lile hawezi kumwambia mtu kwa kupitia upenyo wa kioo, yeye amekaa kitini na mwenzake ameinama. Akalisukuma bunda likarudi nje, mikononi mwa Andongwisye. Kisha akachomoa ufunguo na kufungua mlango.