Mji Chini ya Plastiki

Velma alidhani anatenda wema, na hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Mzee Lindauer, mgonjwa aliyeajiriwa kumtunza kule Eagan, ughaibuni, alikuwa haoni tena. Mke alishamzika, watoto hakujaliwa. Raha yake iliyobaki ilikuwa ramani ya kale ya Regensburg, mji wa Kijerumani aliouacha akiwa mtoto: ukuta pande zote, mto mpana, daraja la mawe, na mashua za urembo pembeni. Saa ya chai Velma aliitoa kwenye fremu na kumwekea mapajani. Wino ulikuwa umeinuka kidogo juu ya karatasi na rangi ilipakwa nzito, kwa hiyo mzee aliusoma mji kwa ncha za vidole. Aliingia langoni, akafuata ukuta, akavuka daraja, akisimulia nani alikaa wapi, mpaka afike nyumbani kwao. Akishafika kwao, alikula bila kubembelezwa.

Lakini vidole navyo vinakula karatasi. Pembe zilianza kumeguka. Velma akaingiwa na huruma, akampigia simu Rahab, rafiki yake wa kanisani Brooklyn Center.

"Si u-laminate tu?" Rahab alisema. "Certificate zangu zote za Kenya nili-laminate, na ziko poa mpaka leo."

Na kweli, kwao nani hajafanya hivyo? Cheti cha ubatizo, cha shule, hati ya shamba, picha ya marehemu: Mkenya akikipenda kitu, hukitia plastiki. Velma hata hakusita. Alipotoka kazini aliipeleka ramani kwa Bagalwa, Mkongo anayechapa programu za mazishi, bila kumwambia mzee, maana alitaka iwe zawadi. Ilitoka mashineni ikiwa na joto, inang'aa. Alitabasamu njia nzima.

Kesho yake vidole vya mzee vilishuka juu ya ramani, vikateleza. Vikarudi, vikateleza tena.

"Umenipa nini, Velma?"

"Ni ramani yako, mzee. Nimeitia plastiki isiharibike."

Akapapasa huku na huku. "Lango liko wapi?"

Velma akamshika kidole, akakiweka penye lango.

"Hapa hakuna kitu," mzee alisema. "Ni kioo cha dirisha tu."

Hakumgombeza. Heri angemgombeza.

Jioni Velma alirudi kwa Bagalwa mbio, machozi yakimlengalenga. "Itoe, kaka. Nakuomba, itoe."

Bagalwa akajaribu pembe moja. Plastiki ikaja na kipande cha ukuta.

"Non, mama," alisema taratibu. "Ile haitoke tena. Nikivuta, mji yote inakuja."

Siku iliyofuata Velma alimwambia mzee ukweli wote. Mzee akamnyooshea mkono.

"Basi nipeleke wewe. Nimekuonyesha kila siku. Kwetu ni wapi?"

Velma akaikodolea macho ramani. Paa zilikuwa mamia, zote sawa. Miezi yote ile mzee akisimulia, yeye alikuwa akikunja nguo na kuitikia "eeh" ili siku iishe. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akakishika kidole cha mzee, akakiweka kando ya kanisa kubwa, akiomba Mungu pawe ndipo.

"Hapa, mzee, kando ya kanisa kubwa."

"Hapana," mzee alisema. "Si hapo. Kwetu hapakuwa karibu na kanisa."

Akauvuta mkono wake, akauingiza chini ya blanketi.