Mkurugenzi wa Sauti za Watu

Zakariye hakutaka tena kuitwa mwimbaji. Mtu akimsalimu kwa jina hilo sokoni Garissa, aligeuza uso kama aliyetukaniwa mama. Alitaka kuitwa Mkurugenzi. Alikuwa na suti moja ya rangi ya maziwa, kalamu mbili mfukoni, na chumba nyuma ya duka la vitambaa ambamo mashine za kunakili kanda zilizunguka tangu asubuhi hadi umeme ukatike. Juu ya mlango alikuwa ameandikisha: KAMPUNI YA MUZIKI NA VIPAJI, MAKAO MAKUU. Matawi hayakuwepo popote.

Weris Adow, mwalimu wa shule ya msingi mtaani Waberi, alilisoma bango hilo kila alipopita, na kila mara alijiuliza hayo yalikuwa makao makuu ya nini.

Hata hivyo, alimkumbuka Zakariye wa zamani. Kabla ya vita, sauti yake ilivuka mpaka kwa redio kutoka Mogadishu, na wasichana wa chuo cha ualimu, Weris akiwa mmoja wao, walisogeza viti wamsikie. Alikuwa na wimbo mmoja mzuri. Mmoja tu, lakini mzuri kwelikweli. Vita vilipozuka alikimbia na wenzake, wakaingia Kenya kupitia Liboi. Wenzake walibaki kambini Dadaab wakipanga foleni ya unga. Yeye alikuja Garissa na koo lake. Mwanzoni aliimba harusini. Kisha akagundua kwamba mwimbaji huimba akachoka, ilhali kanda huimba mchana kutwa bila kuomba chai. Hapo akaacha kuimba, akaanza kuimbisha.

Kazi hiyo mpya alifundishwa kwa namna ya ajabu. Mhandisi Mkorea aliyekuja kuchimba visima upande wa Wajir alimsimulia, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba kwao mwimbaji anaweza kushuka jukwaani akafungua kampuni. Huwachukua vijana, huwafungia katika chumba cha mazoezi, huwachagulia nguo, nywele, hata majina. Na siku wakitoka, nchi nzima huwaiga. Zakariye hakuelewa nusu ya habari hiyo. Nusu aliyoielewa aliitekeleza mara moja. Alikwenda kambini Hagadera, akachagua wavulana wanne na msichana mmoja aitwaye Hamda, akawavalisha miwani nyeusi na mashati ya njano, akawakataza kula nyama ya ngamia kabla ya mazoezi, kwa madai kwamba huifanya sauti iwe nzito. Watu wa Garissa walicheka. Walipochoka kucheka, walinunua kanda.

Weris alicheka pamoja nao, mpaka jioni moja, mwaka uliofuata yale mafuriko makubwa, alipokuwa akipita mbele ya duka la viatu akasikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kipaza sauti.

Yalikuwa maneno ya buraanbur, mashairi ambayo wanawake wa Kisomali huyatamka harusini kwa makofi na ngoma. Weris alikuwa ameyatunga kwa ajili ya harusi ya Deeqa, binti wa dada yake. Kila mstari ulijengwa juu ya sauti ya D, kama desturi inavyotaka, na kila mwanamke aliyekuwepo aliondoka na mstari wake wa kupenda. Zakariye ndiye aliyekodiwa kuleta vipaza sauti siku hiyo. Kumbe alikuwa ameleta pia mashine ya kurekodia. Sasa maneno yaleyale aliyaimba Hamda, na mbele yake, mahali pa jina la mtunzi, ilisikika sauti nzito ya Zakariye: “Kampuni ya Muziki na Vipaji inawaletea.”

Weris alisimama pale hadi mwisho. Jina lake halikutajwa.

Miongoni mwa Wasomali hilo si jambo dogo. Anayesoma shairi la mwenzake hutanguliza jina la mtunzi: fulani bin fulani alisema hivi. Hufanya hivyo mchungaji porini na sheikh mjini, na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Asiyetaja jina anahesabiwa kuwa ndiye mtunzi, na kama siye, basi ni mwizi. Ubaya ni kwamba watu wengi, ambao hawakuwepo kwenye harusi ya Deeqa, waliisikia kanda kwanza.

Ubaya huo ulibisha hodi kabla ya wiki kwisha. Aliyebisha alikuwa Muslimo, jirani yake, aliyekuwa akimwoza binti yake. Weris ndiye aliyeombwa kufungua buraanbur ya harusi hiyo, na kwa mtunzi wa Waberi hakukuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Muslimo alikaa ukingoni mwa mkeka. Chai aliigusa tu.

“Abaayo, dada yangu, usinielewe vibaya,” alisema. “Wanawake wanasema maneno yako yanatoka kwenye kanda.”

“Kanda ndiyo inayotoka kwangu.”

“Mimi nalijua hilo. Wao hawalijui. Shangazi wa bwana harusi ameuliza kwa nini tumlete mwalimu akariri nyimbo za Zakariye, na Zakariye mwenyewe yupo.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo tumemchukua Zakariye na watoto wake wa njano.” Muslimo alijifunika mdomo kwa shela. “Lakini wewe uje. Wallahi, usipokuja nitaumia.”

Basi mambo yakawa hivyo. Jina ambalo Weris alilijenga tangu ujana, shairi baada ya shairi, sasa lilikuwa jina la mwizi, na mwizi halisi alikuwa Mkurugenzi.

Asubuhi yake alikwenda makao makuu. Wavulana wanne walikuwa wakipiga hatua kushoto na kulia ndani ya chumba kisichotosha mbuzi wawili, miwani usoni, jasho likiwatiririka. Zakariye alikaa nyuma ya dawati akiwahesabia mdundo kwa kalamu.

“Mwalimu! Karibu. Umekuja kutafuta kipaji chako?”

“Nimekuja kutafuta jina langu.”

Zakariye alicheka, akawaashiria wavulana waendelee. “Ah, ile ya Deeqa. Inauzwa mpaka Mandera. Ungefurahi.”

“Nitafurahi ukilitaja jina langu mwanzoni. Neno moja kabla ya Hamda kuanza: Weris binti Adow. Sitaki kingine.”

“Jina halina mdundo wa kuchezwa, Mwalimu. Watu wananunua sauti. Nikikutaja wewe, kesho mpiga ngoma naye atataka kutajwa, na keshokutwa mwenye jenereta.”

“Mwenye jenereta hakutunga.”

“Bila jenereta nani angekusikia?” Alijiegemeza kitini, ameridhika na jibu lake. “Huko Korea, mtunzi hajulikani hata na jirani yake. Kinachojulikana ni kampuni. Hayo ndiyo maendeleo.”

“Umefika Korea lini?”

Mvulana mmoja alikosea hatua kwa kucheka. Zakariye aligonga dawati.

“Ulipokuwa ukiimba redioni,” Weris alisema, “kila wimbo ulimtaja mtunzi kwanza. Ndivyo tulivyokujua kwamba una adabu.”

“Nilipokuwa nikiimba nilikuwa maskini.”

“Na sasa?”

“Sasa ni Mkurugenzi.”

Weris alimtazama kuanzia kola hadi viatu, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyedai mbuzi amekula kazi yake ya ziada. Kisha akaondoka bila kuaga. Njiani alikuwa na hasira, lakini zaidi aliona aibu kwa niaba ya wasichana wale waliosogeza viti karibu na redio.

Harusi ilifanyika siku chache baadaye, alasiri. Wanawake walijaa uani kwa Muslimo, marashi na moshi wa uvumba vikigombania hewa. Zakariye, kwa kuwa ni mwanamume, alibaki nje ya ua na mashine zake. Waya mrefu ulipita chini ya lango hadi kwa Hamda, aliyesimama katikati ameshika kipaza sauti, shati la njano likichungulia chini ya shela. Wengi wa wageni walikuwa wamepakata redio-kaseti zao, tayari kurekodi, kama ilivyokuwa kawaida. Weris aliketi nyuma.

Ngoma ikalia. Hamda akavuta pumzi na kuanza: yaleyale maneno ya Deeqa, jina la bibi harusi mpya likiwa limechomekwa mahali pa jina la Deeqa kama kiraka cha gunia juu ya hariri. Hakumaliza mstari wa pili.

“Simamisha!” Aliyesema alikuwa Hinda, nyanya yake bwana harusi, aliyeletwa kutoka Wajir kwa gari la mizigo na hakuwa amefurahia safari. “Binti, hayo ni maneno ya nani?”

Hamda alitazama waya, akatazama lango. “Ya kampuni, bibi.”

“Kampuni ni binti wa nani?”

Ua mzima uliangua kicheko. Hinda hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.

“Nimekatazwa kusema,” Hamda alinong’ona, na kipaza sauti kikaupeleka mnong’ono huo hadi barabarani.

Weris alisimama. “Ni ya Weris binti Adow. Ni mimi.”

“Kila mtu anaweza kusema ni mimi,” shangazi wa bwana harusi alidakia. “Kanda tunayo nyumbani.”

“Basi nipeni ngoma,” Weris alisema, “niwape ambayo kanda haina.”

Walimpa, nusu kwa heshima na nusu kwa uchu wa kuona mtu akiaibika. Alifumba macho kidogo. Kisha, kwa sauti ileile ya D, akaanza, na kila mstari ukapokelewa kwa vigelegele:

“Dalali wa sauti za watu, dukani kajipa daraja;
Dume la wimbo mmoja, leo ladai diwani;
Dira yake ni dirisha, dunia yake dawati;
Desturi kaidondosha, dada zenu tumeidaka;
Dakika aliyoninyima, daima ataijutia.”

Hakuishia hapo. Alimchambua Zakariye kuanzia suti hadi miwani ya vijana wake, akapita kwenye nyama ya ngamia, akarudi kwenye kalamu mbili. Alipofika kwenye matawi ya kampuni, shangazi wa bwana harusi alikuwa amemshika mwenzake bega asianguke kwa kicheko. Hinda alivua shela lake akamvisha Weris mabegani, na hapo hakubaki wa kuuliza mtunzi ni nani.

Nje, Zakariye aliyasikia yote, kwa kuwa vipaza sauti vilikuwa vyake. Aliwaamuru wavulana wang’oe waya. Waya ulikuwa umebanwa na lango walilolifunga wanawake, na alipokumbuka kuzima mashine maneno yote yalikuwa yameshatoka.

Hakuna mashine ambayo ingeweza kuyarudisha maneno yale. Yalikuwa ndani ya redio-kaseti za wageni, na wageni walitawanyika. Madereva wa malori waliyafikisha Liboi, wauza maziwa wakayafikisha kambini. Huko Dagahaley, ilisemekana, watoto waliyaimba wakiteka maji. Na kila aliyeyarudia alitanguliza: “Haya alisema Weris binti Adow.” Muslimo alikuja kuomba radhi, na akaleta maombi ya harusi nyingine mbili.

Mwezi haukwisha, Zakariye akatokea langoni mwa shule wakati wa mapumziko, na suti yake. Weris alijiandaa kwa ugomvi. Zakariye alitoa kanda mfukoni, akaiweka katika redio ndogo aliyokuja nayo, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Zakariye mwenyewe, si ile nzito ya Mkurugenzi, bali ile ya zamani, ya redio ya Mogadishu, safi na isiyo na haraka: “Maneno haya ni ya Weris binti Adow bin Mursal bin Yakub.” Kisha yakafuata matusi ambayo Weris alimtungia, kama mashine ilivyoyanasa siku ya harusi, yote, hakuna hata moja lililokatwa.

Weris aliinamia redio. Jina lake lilikuwa limetajwa hadi kwa babu wa baba yake, tena vizuri kuliko alivyowahi kutajwa na yeyote.

“Inauzwa kuliko zote,” Zakariye alisema kwa furaha. “Nilijaribu kuiuza bila jina, wakanirudishia kanda. Kwa hiyo nimekutaja, abaayo. Umeona? Sina kinyongo.” Akasogea karibu na lango. “Sasa watu wanadai ya pili. Nitukane tena. Safari hii ndefu zaidi, ijaze pande zote mbili.”

Weris alimtafuta usoni mtu mwenye aibu, hakumpata. Alichokiona ni mfanyabiashara anayesubiri mzigo.

“Tafuta kwanza kosa jipya,” alimwambia, akafunga lango.

Alipogeuka mlangoni mwa darasa, alimwona bado amesimama juani, kichwa kainamisha upande, anafikiri. Na kwa jinsi alivyotabasamu, wazo hilo halikuwa limemchukiza hata kidogo.