Bibi Kofia na Vyama Viwili

Wifi yangu hanisifii bure. Miaka kumi na tisa tangu aolewe na kaka yangu, hajasifia hata gauni moja nililomshonea. Kwa hiyo aliposema, "Wifi, okidi yako mwaka huu ni kiboko, ipeleke chama cha mkono, kikombe ni chako," niliweka mkasi chini nikamtazama usoni.

Mjini kwetu wapenda okidi wana vyama viwili, na havisalimiani. Kile ninachokiita chama cha rula hupima ua tu: upana, unene, petali zimelala au zimejikunja. Hata ukilileta kwenye kopo la rangi, shauri yako. Ua likifika alama sabini na tano, mmea hupewa jina alitakalo aliyeuleta, na jina hilo hukaa milele kwa mmea mama na kila kipande kilichowahi kukatwa kwake. Chama cha mkono wao humtuza mkulima. Hukagua mmea mzima, majani hadi mizizi, kisha wanakuhoji wewe uliyesimama kando ya meza.

Okidi yenyewe aliiacha mama. Nilibaki na mmea, wifi nikamkatia kipande. Mwaka jana niliupeleka kwa watu wa rula, nikitaka uitwe Bibi Kofia, kama mtaa mzima ulivyomwita mama. Nikapewa sabini na moja. Nililia wiki nzima, hadi nikamshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Mwaka huu maonyesho ya vyama vyote viwili yaliangukia Jumamosi ileile.

"Na wewe utakwenda wapi?" nilimuuliza wifi.

"Mimi? Nina nguo za kufua."

Nguo za kufua, na nywele amesuka juzi! Tena alikuwa ameazima tepu yangu ya kupimia.

Jumamosi nilisimama kwenye meza ya tisa na maua yangu mia moja na kumi na mawili. Jirani yangu wa meza ya nane, muuza dawa, akaniinamia.

"Wifi yako naye hajambo. Nimemwona akiingia kule kwa wenzetu wa rula, kakumbatia kopo kama mtoto mchanga."

Kipande chake kikipita, jina atalitoa yeye, na mmea wangu utaitwa hivyo hivyo! Waamuzi walikuwa meza ya sita. Nikabeba chungu.

"Mama, ukiondoka umejitoa," akasema mwandikishaji.

"Nimejitoa."

Nilifika kwa watu wa rula jasho likinitoka. Mwamuzi, miwani juu ya paji la uso, alikuwa akitia sahihi. Ndani ya kopo la wifi kulikuwa na maua matatu tu, kila moja pana kama kisahani. Alama sabini na nane.

"Mwizi wa majina wewe! Fomu iko wapi?"

"Wifi, shusha kwanza hilo shamba, utavunja kiuno."

Niliinyakua fomu. Kwenye nafasi ya jina, kwa mwandiko wake wa kulala: Bibi Kofia.

"Mbona umenificha?"

"Ningekuambia ungekuja na msitu wako. Maua mia yamebanana, kila moja kama kifungo. Mimi nilinyofoa vitumba, nikabakisha vitatu vinenepe, nikapima kila asubuhi. Na ningepata sabini na moja, usingejua. Ulie tena, na gauni langu liko kwenye cherehani yako?"

Mwamuzi akautazama mmea wangu. "Kama kipande kilitoka hapa, basi na huu ni Bibi Kofia."

Nikashusha chungu.

"Haya, kikombe kiko wapi?" wifi akauliza.

"Walikuwa wamefika meza ya sita."

"Na yako?"

"Ya tisa."

Alicheka hadi akakaa sakafuni. Nami nilicheka, lakini baada ya kuigeuza ile fomu, nihakikishe hakuna maandishi madogo kwa nyuma.