Neno la Nyuki wa Shangazi Polona

Shangazi Polona alizikwa asubuhi. Mchana jirani yake, Bi Jerca, akamshika mkono Ožbolt, mpwa wa marehemu, akampeleka nyuma ya nyumba kwenye mizinga.

"Haya, waambie nyuki mama yao kafa. Gonga kila mzinga mara tatu. Wasipoambiwa na damu yake, watamfuata kaburini."

"Waambie wewe, Bi Jerca. Wamekuzoea."

"Loo! Mimi ni damu yake? Usinichekeshe msibani, profesa. Tena usiwaite kwa jina la mjini, hawalijui. Yeye aliwaita kwa neno la bibi yake."

Ožbolt akamgeukia ghafla. Miaka thelathini kule chuoni Ljubljana, kazi yake ilikuwa hiyo: kutafuta jina walilomwita nyuki Waslavi wa kale, mababu wa watu wa huku na wa Wacheki, kabla hawajatawanyika. Huku limekuwa čebela, kwa Wacheki včela, na wataalamu bado wanagombana kama lilizaliwa na mvumo wa mdudu mwenyewe. Yeye alikuwa ameliunda upya, bičela, akalitia nyota mbele, alama ya neno ambalo hakuna aliyelisikia likitamkwa. Hamu yake maishani ilikuwa kuifuta nyota ile, amsikie mtu akilitamka.

"Neno gani? Litaje!"

"Nilijulie wapi? Alikuwa akiinama, anawanong'oneza."

"Anong'one kwa nini?"

Bi Jerca alimtazama kwa uchungu. "Kumbe umesahau! Harusi ya dada yako. Ndiyo kwanza umerudi na digrii yako. Alilitamka mezani, mimi nilikaa mbali sikulinasa, ila wewe ukamcheka kwa sauti mbele ya wakwe: 'Shangazi, hiyo lugha ya washamba!' Tangu siku ile hakulitamka tena mbele ya mtu."

Ožbolt alikumbuka. Alikumbuka mkate wa kokwa za jozi mezani, kicheko chake mwenyewe, na shangazi akijifuta mikono kwenye aproni ilhali mikono ilikuwa mikavu. Neno lenyewe hakukumbuka hata herufi moja. Majuto ni mjukuu, na huyu alimjia Ožbolt akiwa tayari na mvi. Aliona haya hata kuinua uso.

Akapiga magoti, akagonga mzinga wa kwanza mara tatu.

"Bičela," alinong'ona, "mama yenu kafa."

Nyuki wakaendelea kuvuma vilevile. Akamgeukia Bi Jerca, machozi yakimtiririka. "Ndilo?"

"Sijui, mwanangu. Wa kumuuliza tumemzika asubuhi."