Jibu la Swali Ambalo Halikuulizwa

Wabunge wenzake walimbandika jina la Mama Nyongeza, nalo likamkaa. Swali la msingi hupelekwa wizarani mapema, waziri akaandikiwa jibu, akaja kulisoma kama mtoto wa shule. Hapo hakuna ujanja. Ujanja uko kwenye swali la nyongeza, lile ambalo mbunge huinuka nalo pale pale, na waziri hulisikia kwa mara ya kwanza pamoja na kila mtu. Hapo ndipo Mama Nyongeza alipokuwa akiwatoa mawaziri jasho.

Lakini kikao hiki mambo yalikuwa yamegeuka. Kila alipouliza nyongeza kuhusu wafanyakazi wanaopelekwa ng'ambo, Waziri wa Mambo ya Nje hakubabaika. Alifunua ukurasa, akasoma jibu lililopigwa chapa, nukta na mkato mahali pake. Mara ya kwanza Mama alisema ni bahati. Mara ya pili akasema labda mtu kapata akili ukubwani. Mara ya tatu mdudu wa shaka akamwingia, na mdudu yule akishaingia hatoki kwa kubembelezwa.

Alimshuku katibu wake, mama mtu mzima aliyekuwa na kicheko kwa kila apitaye. Akamshuku dereva, kwa kuwa siku hizi alipunguza redio kila Mama alipopokea simu. Hata mumewe hakusalimika. Mzee wa watu aliuliza tu mezani, "Kesho utauliza nini, mke wangu?" Akajibiwa, "Unataka kujua ya nini?" Akarudi kwenye sahani yake. Kikulacho ki nguoni mwako, Mama alijiambia, na nguo zote akazipekua isipokuwa moja.

Hiyo moja ilikuwa mdogo wake, seremala. Angemshuku vipi? Binti wa seremala, kifungua mimba wake, alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani chini ya mkataba wa serikali, kisha akapotea, simu haipatikani, mwajiri hajibu. Maswali yote yale shangazi mtu aliyauliza kwa ajili ya mtoto huyo. Na jioni moja, kama ilivyokuwa desturi yake, alikwenda karakana, akakaa juu ya rundo la mbao, akamwambia mdogo wake na yeye peke yake: "Kesho namtaja binti yetu. Nitauliza serikali inajua nini." Seremala aliendelea kupiga randa. "Sawa, Dada," alisema bila kuinua macho.

Asubuhi yake seremala alikuja bungeni, akakaa juu kwenye jukwaa la wageni. Chini, waziri alisoma jibu la swali la msingi: mkataba mpya wa wafanyakazi unakaribia kutiwa saini, na walioko huko wote wako salama salimini, pasipoti zao mikononi. Mama akasikia damu inamchemka. Pasipoti mikononi! Kwa hasira akaliacha swali alilokuja nalo.

"Mheshimiwa Spika, waziri anaweza kututajia mfanyakazi hata mmoja aliyebaki na pasipoti yake baada ya kufika?"

Wenzake wakapiga meza. Waziri alisimama, akafunua ukurasa, akasoma kwa utulivu:

"Mheshimiwa Spika, kuhusu binti anayedaiwa kutoweka, Serikali haina taarifa zozote za mahali alipo, na inaungana na familia katika wakati huu mgumu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Binti gani? Sisi tunataka pasipoti!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. Spika akasema, "Mheshimiwa Waziri, hilo hukuulizwa." Waziri akageuza ukurasa, akaukuta mweupe, akaahidi kuleta jibu la pasipoti kwa maandishi.

Mama hakucheka. Aliinua macho jukwaani, akamwona mdogo wake amejiinamia. Akatoka, akamngojea chini ya ngazi.

"Ulimwambia nani?"

"Dada, labda katibu wako..."

"Usimsingizie mtu. Tumenyonya ziwa moja, mimi na wewe. Ulimwambia nani?"

Ndipo seremala akamwaga yote. Afisa mmoja wa wizara, mwanamume mpole anayenukia sabuni, alimfuata karakana akamwambia binti yu hai. Alimtoroka mwajiri aliyekuwa akimpiga, akakimbilia ubalozini, na ubalozi unamficha kwenye nyumba yake moja. Habari zake zikivuja sasa, mkataba mpya utaharibika. Ukishatiwa saini, atarudishwa. Hadi hapo, kila Jumapili seremala anapigiwa simu asikie sauti ya mwanawe. Naye hulipa kwa kuwapa mapema maswali ya dada yake.

Mama akashika ukuta. "Yu hai? Nimemlilia mtoto huyu kama maiti, na wewe unanitazama! Mkeo anajua?"

"Hajui. Walisema nikimwambia mtu, simu basi."

Alitaka kumzaba kofi, akataka kumkumbatia, mkono ukabaki hewani.

"Jumapili iliyopita alisemaje?"

"Hawakupiga. Walisema mtandao."

"Mtandao!" Mama alicheka kicheko kibaya. "Na siku watakapokuwa hawana haja na maswali yangu, watakupigia kwa nini?"

"Dada, nakuomba. Labda Jumapili hii nitamsikia. Ukisema, nimemkosa." Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake kama alivyofanya utotoni. Mama alimngoja. Mwishowe vidole vikaachia. Seremala hakusema nenda, wala hakusema usiende.

Mama aliporudi ukumbini, waziri yule yule alikuwa akijibu swali la mbunge mwingine kuhusu ukarabati wa majengo ya balozi. Mama akasimama, Spika akampa nafasi.

"Mheshimiwa Spika, katika majengo hayo imo nyumba anamofichwa binti wa mdogo wangu. Kama Serikali haina taarifa zake, ni nani anayempa simu kila Jumapili aongee na baba yake?"

Waziri alifunua ukurasa. Akafunua mwingine. Akageukia benchi la maafisa, na huko mwanamume mmoja mpole alikuwa akitazama viatu vyake. Bila karatasi waziri alibaki na kichwa chake tu, na kichwa kikamponza.

"Mheshimiwa Spika, si kweli hata kidogo! Hapewi simu kila Jumapili. Jumapili iliyopita hakupewa, kwa sababu alikataa kula na alikuwa amelazwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Waziri mwenyewe alisikia alichosema, akakaa taratibu.

Juu, kwenye jukwaa ambako mgeni haruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu, seremala, aliyekuwa amerudi nyuma ya dada yake, alikuwa amesimama.

"Amelazwa wapi?"

Askari wawili wakamshika mikono. Hakushindana nao. Aliinama juu ya ukingo kadiri walivyomwachia, akauliza tena.