Sahani Namba 742

Dwight, mume wangu, haamini mtu tangu kiwanda kiuzwe. Mwaka wa ishirini na mbili huu anaendesha lori la keki za Goldie Bell, Indiana yote ya mashariki. Jumanne na Ijumaa anapanga mpya kwenye rafu za maduka na kuondoa zilizopitwa na tarehe, maana keki yetu haivuki siku ishirini na sita. Wenye mali wapya walipoingia, minong'ono ikaanza kwamba madereva wataachishwa, naye akakosa raha kabisa.

Jumapili akaniwekea boksi jipya la keki mezani, miwani puani.

"Verna, hebu soma hapa. Vimeng'enya. Mwezi jana havikuwepo."

"Hiyo orodha ina majina arobaini, wewe umeona hilo tu?"

"Keki inataka vimeng'enya vya nini?"

"Iulize keki. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Nilikuwa nimemchoka. Miaka kumi na minane niko kwenye mashine ya krimu, nikajiambia kama kuna kitu kinafichwa ningekijua.

Jumatano wakatuita kantini, watu kumi wa zamani. Kila mmoja sahani mbili za karatasi, moja imeandikwa 318, nyingine 742, na glasi ya maji katikati. Binti mmoja wa ofisini, hata jina hakututajia, akasema tuonje, tuseme ipi imeokwa leo. Kiwanda hiki hakijawahi kunipa bure hata keki iliyopondeka, leo sahani na maji? Machale yakanicheza. Lakini sifa hulevya, jamani. Alisema tumechaguliwa kwa sababu ndimi zetu hazidanganyiki, nami nikavimba kichwa.

318 ilikuwa nzuri. 742 ilikuwa laini zaidi, ukiibonyeza inarudi. Nikaichagua hiyo. Binti akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nimeanza kazi hii kabla yeye hajaota meno. Akanipa fomu, nikasaini.

Wakati wa kutoka nikachomoa 742 moja kwenye trei yao, ingali kwenye karatasi yake, nikaitia mfukoni mwa aproni. Nilitaka Dwight aionje aache kunisumbua.

Hakuionja kwanza. Aliigeuza akatazama herufi ndogo za tarehe ya kuokwa zilizopigwa ukingoni mwa karatasi, zile ambazo madereva wanazisoma kama sisi tunavyosoma saa. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

"Hii ina siku sitini na moja."

"Acha uongo."

Akaifungua, akala nusu taratibu. Nilimwomba Mungu aiteme.

"Laini," akasema. "Tamu pia. Ndivyo vile vimeng'enya, kumbe walianza kuvijaribu zamani. Hii unaipeleka dukani mara moja, unaisahau. Mtu wa kuja Jumanne na Ijumaa wa nini?" Akanisogezea nusu iliyobaki. "Umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, sahani, maji, yule binti. Alinisikiliza bila kunikatiza, na Dwight si mtu wa kusikiliza.

"Na nyinyi mkawaambiaje?"

Nilitamani kumdanganya.

"Wenzangu hawakuwa na uhakika, wakanitazama mimi," nikamwambia. "Nikawaambia hii ndiyo ya leo asubuhi, wote wakaandika hivyo."