Jina Alilolikataa Muthama

Ndugu yangu Muthama ana akili ya kutengeneza vitu, hilo sitamnyima. Ya kuviita majina ndiyo hana, na ubaya ni kwamba hajui kama hana.

Alitengeneza mkanda wa kuvalisha ng'ombe shingoni. Ng'ombe akivuka mpaka uliomwekea, simu yako inalia. Aliujaribu kwa ng'ombe wa mama yetu, hapa nje ya Mwingi. Mama anaitwa Kalekye, na soko zima la mifugo linamjua, maana hajawahi kupoteza hata ndama. Watu walipouona ule mkanda hawakungoja kuambiwa. Walikuja dukani kwangu wakisema, Mwongeli, nipe Kalekye moja. Nikamwambia Muthama, jina watu wamekupa bure, nenda ulisajili kabla mwingine hajaamka.

Akacheka. Akaniuliza nani huko Singapore atanunua kitu kinaitwa Kalekye. Huyu ni mtu ambaye hata Kampala hajafika! Lakini sikushangaa. Ni yeye huyo huyo aliyepata binti wa kwanza, na Mkamba yeyote anajua binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Tulikusanyika kwake tukingoja kusikia Kalekye mdogo, akatuambia mtoto ni Yvonne, basi. Mama alimbeba, akamwombea, akarudi kwake bila kula.

Sasa akamleta Ndungu, mtaalamu wa majina kutoka Nairobi. Kwani hiyo nayo ni kazi? Jamaa na viatu vyeupe kwenye vumbi la Mwingi, anatufundisha eti jina zuri ni lile lisilo na maana kwa lugha yoyote. Wakajifungia hotelini, wakatoka na Zyvantrak. Mimi nilidhani ni dawa ya kupe. Muthama akalisajili, akachapisha maboksi, akayapeleka kanisani yaombewe. Mama akiwa benchi la mbele, yeye akashika maikrofoni akasema wakati wa majina ya kishamba umepita. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikaa nimekunja mikono, hasira imenijaa.

Wafugaji walikuja wakaulizia Kalekye. Nikawapa Zyvantrak, wakaigeuzageuza, wakasema watarudi. Nawangoja mpaka leo.

Mkataa pema, pabaya panamwita. Githaiga, muuza vipuri wa Mtito Andei, akaleta mikanda yake mwenyewe na akaomba kuisajili kwa jina Kalekye. Ombi likatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, kama ilivyo kawaida, ili mwenye pingamizi aseme. Hapo ndipo ndugu yangu alipopata akili. Jina la kishamba likageuka mali ya ukoo! Wakili akamwambia bado kuna nafasi, mradi mwenye jina aandike kwamba hakumruhusu mtu mwingine kulitumia. Bila barua hiyo, biashara imekwisha.

Tukaenda kwa mama. Alikuwa mlangoni anachagua ndengu. Muthama akaketi chini kwenye mchanga na suruali yake ya ofisi, akaeleza kirefu, mama huku, mama kule. Akasema jina lake ni heshima ya familia yetu. Nilitaka kucheka, lakini uso wa mama ulinizuia.

Mama akamwacha amalize.

"Githaiga alikuja," akasema. "Aliketi hapo ulipoketi, akaniomba jina. Nikamuuliza kama halimwaibishi. Akasema hapana. Nikampa."

"Lakini mama, mimi ndiye mwanao."

"Najua. Nimengoja uniombe tangu Yvonne azaliwe."

Yule bingwa wa maikrofoni akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, lakini kidogo tu.

Mama akarudi kwa ndengu zake. Kabla hajajaza kiganja, simu yake ikalia pale kwenye kigoda. Nilijua mlio huo ni wa mkanda. Githaiga alikuwa amemwachia mkanda mmoja wa shukrani, ndio aliouvaa ng'ombe, na ule wa Muthama ulikuwa umening'inia kwenye msumari, nyuma ya mlango.

"Ni Kalekye hiyo," mama akamwambia Muthama. "Ng'ombe amevuka. Nenda umrudishe."

Akaenda.